Gunia Haisahau Lumbesa

Gunia ikishajazwa lumbesa hata mara moja, hiyo gunia haitawahi kuwa gunia ya kawaida tena. Mimi nimeshona midomo ya magunia ya viazi hapa juu Sachangwan miaka mingi, mpaka sindano yangu imeisha urefu, imebaki kama ya kutoa mwiba. Lumbesa, kwa yule hajawahi kuiona, ni hivi: gunia inajaa, halafu badala ya kufunga mdomo unashonea wavu juu, unaendelea kupanga viazi moja moja mpaka inapanda kama kofia ya askofu. Serikali imekataza. Imekataza mara nyingi. Wakikataza tunapunguza, magunia inakaa na adabu mwezi mmoja, miwili, halafu asubuhi moja unaona kikofia kidogo juu ya gunia moja, na kabla ya jioni barabara yote imejaa maaskofu.

Mimi mwenyewe hapo kwa viazi walikuwa wananiita Lumbesa. Sikukasirika. Jina ikikutosha unavaa. Nilikuwa mnene, wacha nikuambie. Nikipanda lori upande wa kushoto, dereva anaita vijana waongeze magunia kulia ndio isilale. Nikisimama hapa jioni jua ikizama, kivuli yangu inafika Salgaa, kule chini ya mlima, na akina mama huko wanaanua nguo wakifikiri ni mvua. Na huku kwetu hiyo haikuwa aibu. Mtu mnene ni mtu ambaye kwake kuna kitu kwa sufuria. Mkikutana baada ya siku nyingi, neno ya kwanza ni "Na umenona!" na wewe unashukuru Mungu.

Sasa niseme ya dada yangu, kwa sababu bila yeye hii yote ni mzaha tu.

Yeye ndiye kitinda mimba kwetu. Mama alituacha yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo iliyokuwa karibu ilikuwa yangu. Alikua akawa fundi. Mimi nashona magunia, yeye anashona sare za shule, ana kibanda Nakuru mjini, mitaa ya nyuma ya soko. Mshono yake imenyooka kama reli. Nilikuwa namwambia sisi wote ni mafundi, tofauti ni saizi ya sindano.

Halafu presha ikamwingia bila kupiga hodi, na wakati tulipokuja kujua, figo zote mbili zilikuwa zimechoka. Akaanza kuoshwa damu na mashine, mara mbili kwa wiki, anakaa hapo kwa kiti karibu siku nzima. Walimuunganishia mishipa chini ya ngozi kwa mkono wa kushoto, na hapo mahali ukiweka kidole unasikia inanguruma, kama mzinga wa nyuki umefunikwa na blanketi. Mara ya kwanza alipochukua kidole yangu akaiweka hapo, niliitoa haraka kama nimeumwa.

Wakamkataza vyakula. Ndizi hapana. Avokado hapana. Na viazi hapana, labda ukiikatakata, uiloweke, uichemshe, umwage maji, uchemshe tena, mpaka inabaki ladha ya sabuni iliyotumika. Hata maji ya kunywa alikuwa anapimiwa. Fikiria mtu amezaliwa kwa viazi, amelelewa na viazi, kaka yake anashinda ameketi juu ya viazi, na hawezi kula kiazi.

Daktari akasema kuna njia moja ya kumtoa kwa hiyo mashine, mtu wa damu yake ampe figo. Sisi kwa harusi na mazishi tuko wengi hatutoshi kwa hema. Kwa kupimwa tulikuwa wachache. Mmoja akapatikana ana sukari, mwingine damu haikupatana na yake. Yangu ikapatana. Kila kitu ilipatana, daktari mwenyewe akatabasamu. Halafu akaniambia nipande kwa mizani.

Huyo daktari ni mama mpole, anaongea pole pole kama mtu anabeba mayai. Akaniambia figo yangu ni nzuri, shida ni mwenyewe. Kwa ule uzito kunikata ni hatari, na pia mtu mnene akibaki na figo moja, hiyo moja inabeba mzigo ya mbili na presha juu yake. Hawezi kuponya mmoja akiharibu mwingine. Nikamwambia si aitoe hivyo hivyo na mafuta yake, iende ikiwa imekaangwa. Hakucheka.

"Mzee, punguza kwanza," akasema. "Sisi tutakungoja. Lakini dada yako hawezi kungoja sana."

Nikapunguza. Mama watoto akaficha sahani yangu, ile ya bati ambayo watoto walikuwa wanaita uwanja wa ndege, akaanza kunipakulia kwa ya mtoto. Chapati zikahama kwetu kama wapangaji. Soda tukaagana. Asubuhi kabla ya malori kufika nashuka kwa miguu kando ya barabara kuelekea Salgaa halafu napanda, na hiyo mlima hata lori inapanda ikilia. Tulikuwa tunalia pamoja. Mchana najipima kwa mizani ya viazi, na vijana wa kubeba wananitangazia namba kwa sauti ya mnada, wakiuliza nani anaongeza. Mimi najibu hapa leo tunauza kwa kushuka.

Na ikashuka. Suruali nikafunga na kamba ya katani, halafu nikaishona kiuno na sindano ya gunia, halafu nikaishona tena mpaka mifuko ya nyuma ikakutana ikasalimiana.

Nilifikiri watu watafurahi. Lakini huku kwetu hakuna neno ya mtu kupungua kwa kupenda. Kuna kukonda tu. Na kukonda ni ugonjwa, ama ni umaskini, ama ni bibi. Watu wakaanza kunisalimia na ile sauti ya wodini. Mama wa kibanda cha chakula akaniwekea nyama bila kuitisha, akasema tu, "Kula, baba, utapona." Mama watoto akaitwa kando kanisani, akina mama wakamuuliza kama kuna kitu nyumbani hawaambiwi. Akawaeleza ni mambo ya figo, ni daktari ameagiza. Wakatikisa kichwa ile ya kusema tumesikia, na Jumapili iliyofuata wakatuletea unga. Lakini iliyoniuma zaidi ni vijana wa kubeba. Waliacha kuniita Lumbesa. Wakawa wananiita mzee, na heshima, kama mtu ameshakufa kidogo.

Lakini nilifika pale daktari alitaka. Akanipima, akapima damu, akasema sawa, sasa watupangie siku. Dada yangu siku hiyo alitoka hospitali akaenda kibandani kwake, na hata kama alikuwa na ule uchovu wa mashine alinikatia suruali ya kitambaa ya kijivu, ya kipimo changu kipya, nivae nikienda kukatwa. Nilipoigeuza ndani nikaona ameacha kitambaa mingi kwa mshono, upande huu na huu. Nikamuuliza hii yote ni ya nini. Akasema fundi hukata mtu kama alivyo leo lakini huacha ya kesho. Nikacheka. Sikujua ananiambia nini.

Siku ikakaribia, halafu dada akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Daktari akasema mtu hakatwi akiwa na homa. Apone kwanza, arudishe nguvu, ndio tupange tena. Hiyo "tena" ilikaa miezi.

Hapa nataka unisikize polepole, kwa sababu mimi pia nilichelewa kuelewa. Mtu akipunguza, kila mtu anafikiri kazi imeisha. Kupunguza ni kama kupandisha lori mlima: watu wanaona, wanapisha, wanakupigia honi. Kushikilia ni kuisimamisha hiyo lori juu ya mlima bila jiwe kwa gurudumu. Hakuna anayeona. Mguu yako iko kwa breki kutwa, na ukikohoa tu imerudi nyuma.

Na njaa ilikuwa imebadilika. Ile njaa yangu ya zamani ilikuwa mgeni wa kubisha, unaiambia kaa hapo nje na inakaa. Hii mpya inavunja mlango. Nilikuwa nasikia harufu ya mandazi ikikaangwa Molo, na upepo inaelekea upande ingine. Nikimaliza kula kwa ile sahani ya mtoto nabaki naangalia sahani, sahani inaniangalia. Nilikuwa sijaongeza kitu, nakuambia, kijiko ile ile, kutembea ile ile, na mizani ya viazi ikaanza kupanda kidogo kidogo kama mwizi kwa ngazi. Vijana wakasoma namba mara moja, mbili, halafu wakaacha kuisoma kwa sauti.

Ndipo shangazi akatuita.

Huyu ni dada mkubwa wa baba yetu, wa Njoro, mama wa maneno machache ambaye akikohoa ukoo yote inatulia. Alitaka niombewe kabla ya siku. Tukajaa kwake, wakaomba, wakaimba, halafu akasimama akashika meza.

"Huyu kijana anaenda kutoa kitu ndani ya mwili yake ampe mtu uhai," akasema. "Sisi wanawake tunaijua hiyo. Inaitwa kuzaa. Na mtu wa kuzaa hapelekwi na njaa."

Akina mama wakasema amina. Wanaume wakaniangalia vibaya kidogo. Ikapitishwa hapo hapo kwamba nilishwe kama mama aliyejifungua. Na wewe unajua mama aliyejifungua huku kwetu halishwi mchezo. Kuna njahi, ile maharagwe nyeusi yenye mstari mweupe, inapondwa na ndizi na avokado mpaka kijiko inasimama yenyewe. Kuna supu ya kichwa na miguu. Kuna uji ya wimbi imechachuka, ya kurudisha damu. Wakagawana zamu. Hotpoti, zile za kubebea chakula ikiwa moto, zikaanza kupanda hii mlima, kutoka Njoro, kutoka Elburgon, na ingine ilitoka kwa binamu anakaa karibu na Kariandusi, ikafika kifuniko imepakwa vumbi nyeupe ya machimbo ya huko, ukifikiri imetoka kwa unga. Kwa meza yetu hapakuwa na mahali ya kuweka kiwiko. Watoto wangu walinona, paka alinona, hata kuku wa jirani walianza kutembea wakipumzika.

Nilijaribu kukataa. Lakini shangazi hakataliwi chakula, ukikataa sufuria yake umekataa mlango yake. Nikasema nitaonja. Wewe unajua kuonja kwa mtu kama mimi. Na siwezi kudanganya, nilifurahi. Miezi yote watu walikuwa wananiangalia kama maiti inayotembea, na sasa wananiangalia nikila na uso zao zinafunguka. Kila mtu aliyeniletea hotpoti alikuwa anafikiri anamletea dada yangu figo. Hakuna hata mmoja alikuwa na nia mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Ningekuwa nimelishwa na adui ningejua kupigana.

Dada akapona mapafu. Tukaitwa. Nikavaa ile suruali ya kijivu na kifungo ikakataa kabisa. Nikafunga na katani, nikashusha sweta juu.

Daktari akaangalia mizani, akaniangalia, akaangalia mizani. Akasema siku haiwezi kupangwa. Nikaanza kumtolea kichekesho, nikaona uso yake, nikameza hiyo kichekesho.

Nesi mmoja mtu mzima akanitoa nje tukakaa kwa benchi. Nilikuwa namwambia mimi ni mtu wa tumbo, sina akili, dada yangu atakufa kwa sababu ya maharagwe. Akaniambia ninyamaze kwanza. Akanieleza kwamba mwili haijui mambo ya figo. Mwili inajua tu chakula ilipungua, na inafikiri ni ile njaa mababu walipitia, ya kuua. Kwa hivyo inapunguza moto jikoni, inachoma kidogo kuliko zamani hata ukifanya kazi ile ile. Inapiga kengele ya njaa kwa nguvu, na kengele ya kushiba inaicheleweshea. Na haiachi mapema. Inaweza kukaa miaka ikikumbuka ule uzito wa kwanza na ikivuta kurudi huko. Akasema wengi wanaopunguza wanarudi, na wengi wanajiita wavivu, na si uvivu peke yake.

"Kwa hivyo mimi ni gunia imeshawahi kuwa lumbesa," nikamwambia.

Akauliza hiyo ni nini tena. Nikamweleza. Ile gunia nyuzi zake zimeshavutika. Ukiipakia viazi ya kawaida haijai, inabaki mdomo wazi inakuangalia, inataka zingine. Hata ukiifunga inalegea. Ndio maana mwenye kununua akiona gunia ya namna hiyo anajua tu, hii kofia yake inarudi. Nesi akafikiri, akasema yeye ni mtu wa Naivasha hajui mambo ya viazi, lakini inaonekana ni hivyo.

"Na gunia ya hivyo mnaifanyaje?" akaniuliza.

Nikamwambia unaishona chini zaidi, na kila ikienda safari ikirudi unaangalia mshono. Kila mara.

"Basi," akasema.

Dada yangu siku hiyo alikuwa kwa mashine, chumba ya upande wa pili. Ile njia fupi ya kwenda kumwambia ndiyo ndefu zaidi nimewahi kutembea, na mimi nimetembea mpaka Salgaa. Alikuwa amelala nusu, mipira imejaa damu yake ikienda na kurudi. Kwa kiti ya kando yake siku zote alikuwa anakaa mzee mmoja wa Longonot, aliyefanya kazi ya reli, akimpigia hadithi za treni mpaka saa zinaisha. Hiyo siku kiti ilikuwa na mtu mwingine, mgeni, amejifunika mpaka kidevu. Sikuuliza. Dada naye hakusema.

Nikamwambia hawajapanga siku. Akaniangalia uso, akateremsha macho mpaka kwa sweta, akanyoosha ule mkono ingine akainua sweta kidogo. Akaona katani. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alichukua kidole yangu akaiweka pale kwa mkono inanguruma, akaishikilia.

"Nani anakulisha?" akauliza.

Jumapili alikuja Sachangwan. Hakuwa anapanda huku siku hizo, baridi ilikuwa inamuingia mifupa, lakini alikuja amevaa makoti mbili. Nyumbani shangazi alikuwa amefika na akina mama wengine, hotpoti zimepangwa mezani kama kwaya. Wakamshangilia, wakampisha kiti karibu na jiko. Mama watoto akamletea kikombe yake ndogo ya chai, ile ya kipimo. Shangazi alikuwa ananipakulia njahi. Dada akanyoosha mkono akafunika sahani yangu na kiganja, juu ya chakula moto.

"Shangazi, mnamlisha kwa mapenzi, najua," akasema. "Lakini hiyo sahani imekaa katikati yangu na figo. Mkimlisha yeye, mnaniua mimi."

Hakuna mtu huongea na shangazi hivyo. Shangazi alisimama na ule mwiko umejaa, njahi ikidondoka kwa kitambaa cha meza. Akasema yeye amezaa watoto, amezalisha wa wengine, na hajawahi kuona mtu akitoa kitu mwilini akiwa na njaa akapona. Dada akamweleza yale daktari alisema, pole pole, bila kuinua sauti. Akamweleza na ya yule mzee wa Longonot. Hapo ndipo na mimi nikajua amekufa.

Shangazi akarudisha mwiko kwa hotpoti. Akafunika. Akakaa, na akatazama mikono yake, imelala kwa mapaja, imekunjamana na ina harufu ya kitunguu miaka yote ninaijua.

"Sasa hii mikono tuifanyie nini?" akasema. "Ninyi mko hospitali huko, sisi tunangoja hapa. Kama hatupiki, tunafanya nini?"

Naona mpaka leo hilo ndilo swali. Huku kwetu mtu akipenda mtu, anapika. Hakuna njia ingine tumefundishwa. Dada akaangalia dirishani ile barabara inashuka.

"Tembeeni na yeye," akasema.

Na wakatembea. Kama ungepita kwa hiyo barabara ile miezi ungeona kitu haijawahi kuonekana tangu Bonde la Ufa lipasuke: Lumbesa mbele, nyuma yake akina mama na vitambaa vya kichwa vya kanisani, raba miguuni na leso kiunoni, wengine wametoka Njoro na gari ya alfajiri, wakiimba nyimbo za kwaya. Madereva wa malori walifikiri ni mazishi, wakawa wanapunguza mwendo na kuvua kofia. Shangazi alikuwa anatembea nyuma yangu na fimbo. Alisema ni ya mguu yake. Nikipunguza mwendo fimbo ilikuwa inanipata mimi. Na kwa meza, wale wale waliokuwa wanapika njahi walikuja na mboga za majani, sukuma na kunde, na wakikaa wanakaa na sahani ndogo kama yangu, hakuna anayekula kubwa mbele yangu. Hiyo ilinisaidia kuliko dawa. Njaa ikiwa ya watu wengi inakuwa kama mfungo, unaimba nayo.

Safari hii ilishuka polepole, kwa kuvutwa. Kuna wiki ilipanda. Kuna wiki niliketi nyuma ya magunia peke yangu nikala mandazi ya mtu, na shangazi alijua kwa kuniangalia mashavu. Daktari hakutaka nifike tu. Alitaka nifike nikae. Akanifanya nirudi, na nirudi tena, aone kama mshono inashika. Dada alikuwa anaendelea kwenda kwa mashine. Ule uso yake ilikuwa inakuwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa, na kila nikimuona najipima na macho yake.

Mwisho wakapanga siku, na hiyo siku haikuahirishwa.

Sina mengi ya kusema ya operesheni kwa sababu nililala. Nakumbuka tu nimevaa ile suruali ya kijivu mpaka mlangoni, kifungo imefungwa, dada kwa kitanda ya pili akiniangalia kifungo. Nilipoamka nikauliza. Nesi akaniambia figo ilianza kukojoa hata kabla hawajamaliza kushona. Mimi na hiyo kidonda nilicheka nikalia, na kucheka kuliuma zaidi.

Sasa nikuambie ukweli ya leo. Uzito wangu umeanza kurudi. Si yote, lakini inarudi. Nina figo moja na daktari anataka niishi nayo kama mtu anabeba yai kwa barabara mbovu. Kwa hivyo natembea bado, na shangazi bado ana fimbo, hata kama siku hizi anakuja kwa zamu ya Jumamosi pekee, magoti imekataa. Nimeacha kufikiri kuna siku nitamaliza. Gunia ikirudi safarini naangalia mshono, pale imelegea nashona. Watu wakiniuliza kwa nini watu hupunguza wakarudi, na wananiuliza sana, wanafikiri nitawachekesha. Nawachekesha kwanza. Halafu nawaambia mwili ina kumbukumbu ndefu kuliko ya mkopeshaji, na watu wanaotupenda wana vijiko virefu, na hakuna anayemuonea huruma mtu amesimama na mguu kwa breki.

Vijana wa kubeba wameanza kuniita Lumbesa tena. Nasikia vizuri, nasikia vibaya.

Na dada yangu, zile dawa za kulinda figo zinampa njaa ya simba. Mashavu zimejaa, watu wa mtaani Nakuru wanampigia kelele "Na umenona!" na yeye anashukuru Mungu. Hiyo neno sasa inanichoma mahali nilikatwa. Alikuja hapa juzi. Daktari alikuwa amemruhusu viazi. Mama watoto akachemsha na maganda, hizi zetu nyekundu, akaweka kwa sahani na chumvi kando. Dada akachukua moja, akaihamisha mkono kwa mkono ikiwa moto, akaimenya na kucha, polepole, kama anafumua mshono. Akauma. Akafunga macho.

Akamaliza. Akaangalia sahani. Nikaona ule mkono inanyooka kuelekea ya pili, na mimi ndugu yake, niliyembeba mgongoni, niliyempa figo, nikafunika sahani na kiganja.

Akaniangalia sana. Halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na shangazi pale kwa mlango akauliza kuna nini.

"Hakuna," dada akasema. Akachukua ile kiazi chini ya mkono wangu, akaivunja katikati, nusu akaniwekea.

Nikala nusu yangu. Halafu tukavaa viatu.